Kitovu cha Nnamdi

Mnapita hapa kwangu Lipangalala, Ifakara, asubuhi, sare zimenyooshwa vizuri, mnanitupia shikamoo bila kusimama, na mimi naitikia marahaba mmeshafika kona. Sawa, najua mnawahi zamu. Ila kuna jambo moja la kazi yetu ya ukunga ambalo mimi nililijua nikiwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, na limeniuma mpaka leo. Ndiyo maana nimeamua kuwaandikia, msomeni hata mkiwa kwenye bajaji.

Mnamuuliza mama mjamzito hii ni mimba ya ngapi, damu ya mwezi aliiona lini mara ya mwisho, dawa gani zinamdhuru. Vizuri kabisa. Ongezeni swali moja: kwao, kitovu cha mtoto kikishadondoka kinapelekwa wapi, na mwenye kukipeleka ni nani. Najua mtacheka. Hata mimi ningecheka, enzi nikiwa na kiuno kama chenu.

Mimi Kalista kazi yangu yote niliifanya wodi ya wazazi. Lakini mikono hii ilianza kufundishwa kabla ya chuo, na dada mkubwa wa mama yangu, Bibi Sekunda wa Lumemo. Alikuwa mkunga wa jadi. Alikuwa anaweka kiganja juu ya tumbo la mtu huku anamsimulia habari za majirani, na kabla umbea haujaisha ameshajua mtoto kalalaje. Yeye ndiye aliyenifundisha kupasha mikono kabla ya kumgusa mama, kwa sababu tumbo likishtuka linakaza na hupapasi kitu. Mpaka leo naona nesi anaingia leba na mikono baridi kama samaki, natamani nimchape.

Chuoni nilikwenda na kiburi cha kujua, kikanitoka siku moja. Nilipewa ile tarumbeta ya kusikilizia mapigo ya mtoto, nikaibana sikioni, nikasikia mapigo ya polepole. Nikapiga kelele mtoto anakufa! Daktari akaja mbio, na manesi wakubwa, na mfagizi na ufagio wake. Nilikuwa nasikiliza moyo wa mama mwenyewe. Tangu hapo mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye kifundo cha mkono wa mama kila ninapoinamia tumbo, nilinganishe. Siku hizi mna mashine zinazosema zenyewe, lakini umeme wa hapa kwetu mnaujua.

Haya, tuje kwenye habari yenyewe.

Walikuja mtaani kwetu mtu na mkewe kutoka Nigeria, Waigbo. Bwana aliitwa Emeka, injinia wa barabara. Mkewe aliitwa Ngozi. Jina hilo kwao maana yake ni baraka, kwetu mnajua wenyewe, na watoto wa mtaa walicheka mpaka wakachoka, naye akacheka nao. Wakatoliki kama wengi wetu, Jumapili hawakosi. Ngozi alikuwa na mimba, na mama yake mzazi alikuwa aje kutoka kwao kumhudumia, ila mtoto hakusubiri ndege.

Nilimzalisha mimi. Mtoto wa kiume, mzima, analia kwa hasira. Nikamkagua kama ninavyowakagua wote, nikatoka nikamwambia Emeka: "Hongera, baba. Vidole vimetimia, mgongo mzuri. Ana kitundu kidogo juu ya sikio la kulia. Si ugonjwa, kikitoa usaha ndio umlete."

Emeka akakaa chini sakafuni na suruali yake ya ofisini.

"Sikio gani, Sista?"

"La kulia."

"Baba yangu alikuwa nacho," akasema. "Hapo hapo."

Baba yake alikuwa amefariki kabla mimba hiyo haijaingia. Na kwa Waigbo, walivyokuja kunieleza baadaye, mtu aliyeishi vizuri anaweza kurudi. Anazaliwa tena ndani ya ukoo wake, na wanamtambua kwa alama. Kwa hiyo mtoto akaitwa Nnamdi, yaani baba yangu yu hai. Emeka akampigia mama yake mzazi kule kijijini simu ya video, akamwonyesha sikio. Yule bibi akapiga kelele wodi nzima ikageuka. Ngozi akatutafsiria: "Anasema, mume wangu, ulichelewa wapi?"

Manesi tukaangua kicheko. Na sisi si ndivyo tunavyosema? Bibi yeyote wa hapa akishika mjukuu wa kiume anamwita mume wangu, anamdai vitenge. Tukaona kumbe watani wenzetu. Lakini kwetu ule ni utani. Yule mama alikuwa anaongea na mume wake.

Kwa kuwa mama yake Ngozi alikuwa bado hajafika, nilimwomba Bibi Sekunda aje kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto. Alishazeeka, kuzalisha alikuwa ameacha, ila mikono yake ilikuwa ile ile. Akawa anakuja kila asubuhi kutoka Lumemo kwa bodaboda, amekaa upande, kamshika kijana wa watu shati utafikiri anamkamata mwizi.

Siku chache baadaye mama yake Ngozi akatua. Mama mnene, mwenye sauti, na mzigo wake ulinukia viungo mpaka barabarani. Waigbo wana desturi ya mama mzazi kuja kumlea binti yake akishajifungua, wanaiita omugwo, na kwao ni haki ya mama, ukimnyima umemtukana. Kitu cha kwanza alitoa poda nyeupe, akawa anampaka shingoni kila anayeingia kutoa hongera, huku anaimba. Ndiyo ishara yao kwamba nyumba hii imepata mtoto. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, mtu mwenye heshima zake, alitoka pale shingo nyeupe pee, akaenda moja kwa moja kwenye kikao cha ukoo wake. Walimuuliza kama anaumwa upele.

Halafu vita vya jikoni. Alitaka viazi vikuu ampikie binti yake mchuzi wa moto wenye pilipili na samaki mkavu. Kambale wa moshi wa hapa kwetu alimpenda, alimnusa akamshukuru Mungu kwa sauti. Viazi vikuu havikupatikana, tukamletea magimbi. Aliyatazama kama mtu aliyetukanwa. Kwao kiazi kikuu ndicho mfalme wa shamba, mwanamume anajulikana kwacho, na gimbi ni la wanawake. "Mjukuu wangu ni mtu mkubwa," akamwambia Ngozi atuambie, "mama yake hawezi kula kitu hiki." Waliyala lakini. Njaa haina ukoo.

Yeye na Bibi Sekunda hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, na waligombana kutwa nzima. Mmoja anaongea Kiigbo, mwingine Kindamba cha bonde letu hili, beseni la maji ya moto katikati. Huyu anataka taulo lipigwe tumboni, huyu anataka likandamizwe. Mimi nikipita kwenda zamu nawapigia kelele wote, maji yasiwe ya kumbabua mtu, kuna wazazi tumewapokea na malengelenge. Wananiangalia kwa pamoja, wanasonya kwa pamoja. Nilikuwa nafurahi sana siku zile, siwafichi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo palipotuponyoka.

Kwa Waigbo kitovu cha mtoto kikidondoka kinazikwa kwenye boma la baba yake, kwenye shina la mti unaozaa, mara nyingi mchikichi. Mti huo unakuwa wake. Kila mtu anaujua, watoto wenzake wanaujua, akikua anauonyesha kwa kidole: huu wa kwangu. Asiye na mti wa kuonyesha, siku akisimama kusema kwenye kikao cha watu wa kwao, anaweza kuulizwa, wewe kitovu chako kiko wapi? Na kwa Nnamdi ilikuwa zaidi ya hapo. Bibi yake kule kijijini alikuwa ameshachimba shimo, kando ya mchikichi wa marehemu mumewe. Mama yake Ngozi alikuja na kitambaa maalumu cha kufungia kitovu, akirudi nacho kizikwe pale. Mtu amerudi kutoka kwa wafu, basi afikishwe kwake. Hilo ndilo lililokuwa linasubiriwa.

Na kwetu? Nyinyi wa mjini labda hamjui tena. Bibi zetu walikizika vilevile, ila kwa siri. Mtu mmoja tu anajua, yule aliyekizika, naye anafunga mdomo wake mpaka kufa, kwa sababu adui akikipata kitovu amempata mtoto. Kusema ni kumweka mtoto barabarani. Wenzetu wanakionyesha, sisi tunakificha, na pande zote mbili ni kwa kumpenda mtoto. Na mimi niliyekuwa natembea katikati yao kila siku sikujua kama kuna tofauti. Nilikuwa nauliza kimekauka, kinanuka, ngozi ya pembeni imekuwa nyekundu? Kikinuka njooni haraka. Mengine sikuyauliza kwa mzazi hata mmoja.

Asubuhi hiyo mama yake Ngozi alikuwa amekwenda sokoni na dereva, bado anatafuta viazi vikuu. Ngozi amelala. Bibi Sekunda anamwogesha mtoto, amemkalia chonjo, maana mnajua wanavyosema, kikimdondokea mtoto wa kiume kwenye uume wake ndiyo basi tena. Kikadondoka mkononi mwake, salama. Akakifunga kwenye pindo la khanga yake, akamvisha mtoto, akamlaza kwa mama yake, akapanda bodaboda akaenda zake.

Mama yake Ngozi aliporudi akamfungua mtoto, akaona tumbo safi. Kwanza alifurahi. Akatafuta kwenye nepi, akatafuta kwenye beseni, akamwaga maji taratibu kwenye nyasi akiyachuja kwa vidole. Nilipotoka zamu nilikuta ameshika nepi zote za mtoto mapajani, analia, na Ngozi analia, na Emeka amesimama mlangoni hajui ashike nini.

Ngozi akanieleza yote, mti, bibi, shimo lililochimbwa. Nikaenda Lumemo na Emeka.

Bibi Sekunda alitupokea vizuri, akatutolea viti.

"Mama, kitovu cha mtoto kiko wapi?" nikamuuliza.

"Kiko salama."

"Salama wapi?"

"Kalista! Nesi mzima unaniuliza hivyo? Cha kwako nani alikuonyesha kilipo?"

"Wanakihitaji, mama. Kwao kinakwenda kwenye shamba la babu yake."

"Kuvuka nchi zote hizo, kwenye mabegi ya watu? Nani atakilinda?" Akamgeukia Emeka, akamwambia pole pole kama anavyosema na mgonjwa: "Baba, mimi nimemfanyia kama mjukuu wangu wa damu. Lala usingizi. Hakuna atakayemgusa mwanao."

Emeka alikuwa anajua Kiswahili cha kutosha. Akainama mbele yake. "Bibi, nakushukuru. Ninaomba nionyeshe tu, nichimbe mwenyewe."

"Nikikuonyesha nimemuua," akasema Bibi Sekunda. Na alikuwa anaamini alichosema, macho yake yalijaa machozi. Nilimsihi, nikamkasirikia, nikamwambia huu ni ukaidi wa kizee. Alikuwa hajawahi kuniangalia vile maisha yangu yote. Tukaondoka hivyo hivyo.

Mama yake Ngozi alimaliza omugwo yake, akapewa vitenge na zawadi zote anazostahili, akarudi kwao na kile kitambaa kitupu. Bibi Sekunda alikuja kumuaga. Walishikana mikono, lakini hawakugombana tena, na hilo ndilo lilinionyesha kwamba urafiki umekwisha.

Masika yakaingia, na mwaka ule yaliingia vibaya. Mnaoishi Lumemo mnajua mto wa hapo ukikasirika. Maji yalikwenda mpaka kwenye vyumba vya watu, watu wakahamia mashuleni, mimi nikazalisha mama mmoja juu ya meza ya darasa.

Mvua zilipopungua Emeka alikuja kwangu na simu yake. Mama yake alikuwa amerekodi sauti, akaomba apelekewe yule mkunga. Tukaenda tena Lumemo, Bibi Sekunda alikuwa amerudi nyumbani kwake, anakausha godoro. Emeka akaweka simu mapajani mwake.

Ilikuwa sauti ya mzee, ya kukwaruza. Hakuwa anafoka. Alikuwa anazungumza kidogo, ananyamaza, anazungumza tena. Bibi Sekunda hakuelewa hata neno, ila alisikiliza mpaka mwisho.

"Anasema nini?" akauliza.

Emeka akasema: "Anasema amekaa peke yake tangu baba afe. Akasikia amerudi, akachimba mahali pake. Sasa kila asubuhi akitoka nje anaona shimo liko wazi. Anauliza, wewe una mume?"

Bibi Sekunda alikuwa mjane wa siku nyingi. Alikaa akiishika ile simu. Kisha akasema, "Kalista, niletee jembe."

Jamani, moyo wangu uliruka! Tukamfuata nyuma ya nyumba, kwenye migomba yake ya upande wa mto, alikokuwa hajafika tangu maji yapungue. Akatuambia anakwenda kutuonyesha alipoweka vitovu vya wajukuu wake wote, na cha Nnamdi alikiweka hapo hapo nao, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa heshima kuliko pale. Akasimama ghafla. Mto ulikuwa umekula ukingo. Migomba ya mwanzo ilikuwepo, ya mbele haikuwepo, na ardhi yake haikuwepo, kulikuwa na ukuta wa udongo mbichi na maji ya matope yanapita chini yake.

Alichimba kwa jembe pale pembezoni, udongo usiohusika, mpaka Emeka akamshika mikono.

"Nilificha mno," akasema. "Nilificha mno, mwanangu, nisamehe." Emeka akamwambia yamekwisha, bibi, mto hauna kesi.

Yule mjane kule Nigeria aliambiwa ukweli wote. Hakumlaani mtu. Lakini tangu siku hiyo, Ngozi aliniambia, simu ikipigwa alimwita mtoto Nnamdi tu, si mume wangu tena, kama anavyowaita wajukuu wengine kwa majina yao, na lile shimo aliliomba lifukiwe. Alifariki mtoto akiwa anaanza kutembea. Bibi Sekunda naye tumemzika, Mungu amrehemu. Hakukubali tena kumshika mtoto mchanga wa mtu yeyote, ukimletea alikuwa anaficha mikono ndani ya khanga. Na yeye ndiye aliyenipa kazi hii! Nimepitisha watoto wengi mno katika mikono hii, na ningeweza kumuuliza kila mama swali dogo lisilo na gharama, na siku moja jibu lingekuwa la Ngozi. Hilo ndilo linanikera nikiwa nachambua mchele wangu hapa. Nyinyi bado mna zamu.

Emeka na Ngozi walihamia Dodoma na kazi ya barabara. Likizo iliyopita Emeka alikuja kunisalimia na mtoto. Nnamdi amekuwa mrefu, mtundu, Kiswahili kinamtoka kama maji. Shikamoo bibi nzuri kabisa, anainama. Nikawapeleka kwa mama lishe wa pale sokoni tule wali na samaki. Wanaume wa meza ya pili wakapendezwa na yule mtoto, mmoja akamtania:

"Wewe mjomba, mtu wa wapi wewe?"

"Wa Ifakara," akajibu.

"Weee! Ifakara yenyewe hii? Kwenu hasa, kwa babu yako, ni wapi?"

Nnamdi akatoa mwiba mdomoni kwanza, vizuri, mtoto wa bonde.

"Babu yangu simjui," akasema. "Kwetu hapa hapa."

Walishangilia, wanangu! Huyu Mndamba kabisa, mwongezeeni kichwa cha samaki! Mama lishe akamletea soda ya bure. Emeka alicheka na kila mtu, akawashukuru kwa mkono kifuani, kisha akashuka kwenye benchi akaanza kumfunga mtoto kamba za viatu, na kamba zile zilikuwa zimeshafungwa.